Bustani ya nyasi huanza siku ya kuchimba msingi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na watu wanaojenga nyumba zao mwaka huu, hasa huku Arusha na nyanda za juu za jirani, pamoja na mafundi wanaowajengea. Vuli inakaribia. Kila mwaka ikifika Oktoba watu huanza kuulizia mbegu za nyasi kwenye maduka ya pembejeo, na wengi huja kitaluni kwangu hapa Tengeru pakiti ikiwa tayari mkononi, wakitaka kujua jambo moja tu: nimwage lini? Nami huwauliza: udongo wa juu wa kiwanja chako ulikwenda wapi? Wengi hunitazama kimya. Hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo, si mchora ramani, si fundi, si muuza mbegu.

Kazi yangu ni miche na bustani, na naona fedha za watu zinavyoteketea. Haziteketei sana kwa mbegu mbovu wala kwa ukame. Zinateketea kwa sababu mbegu nzuri, ya bei kubwa, inamwagwa juu ya kifusi, na kifusi hicho kilitengenezwa na mwenye nyumba mwenyewe kwa fedha zake, siku za ujenzi, bila mtu yeyote kumwambia.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya Moshono. Nyumba nzuri, geti jipya, rangi bado inanukia. Mwenye nyumba, mama mtumishi wa umma anayekaribia kustaafu, alikuwa amemwaga mbegu misimu miwili. Kila mara ziliota, zikafika urefu wa kidole, kisha majani machanga yakaanza kuwa njano na nyasi zikakauka kwa mabaka. Aliambiwa aongeze maji, akaongeza. Aliambiwa aweke urea, akaweka. Nilimwomba ruhusa nichimbe shimo katikati ya uwanja, upana wa beleshi moja, nikakata ukuta wa shimo wima ili tabaka zionekane, tukachuchumaa wote wawili kutazama.

Juu kulikuwa na udongo mweusi wa kununua, unene wa vidole viwili. Chini yake kulikuwa na utando mgumu wa kijivu: masalia ya plasta, mahali ambapo mafundi walikuwa wakioshea ndoo na karai kila jioni. Chini ya utando kulikuwa na udongo mwekundu uliotoka kwenye shimo la choo, umeshindiliwa na malori ya mchanga na kokoto mpaka sululu inagonga na kurudi. Mizizi ya nyasi ilikuwa imeshuka vizuri katika ule weusi, ikafika kwenye kijivu, ikapinda na kuanza kutambaa kando. Mmoja niliufuata kwa ncha ya kisu. Ulikwenda ubavu karibu urefu wa kiganja ukitafuta ufa wa kushukia, haukuupata, ukaishia hapo. Yule mama aliuangalia ule mzizi kwa muda, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nanywesha saruji."

Na ile njano ya majani haikuwa njaa ya urea. Saruji na chokaa hupandisha pH ya udongo, yaani kipimo cha tindikali: ikiwa chini ya 7 udongo una tindikali, ikipanda juu yake udongo una chokaa nyingi. Ukoka hupenda pH ya kati ya 6 na 7 hivi. Ikipanda sana, madini ya chuma yaliyomo udongoni hujifunga na mmea hauwezi kuyanyonya hata yakiwa tele. Dalili huonekana kwanza kwenye majani machanga, kwa sababu chuma kikishakaa kwenye jani kuukuu hakihamii kwenye jani jipya. Ukimwaga urea hapo unaukuza mmea usio na mizizi ya kuubeba.

Sasa turudi siku ya kwanza ya ujenzi, maana ndiko uharibifu unakoanzia. Kiwanja kikiwa bado pori au shamba la mahindi, sentimita 15 hadi 20 za juu ni udongo mweusi au wa kahawia iliyokolea. Humo ndimo mna mboji, nyungunyungu, kuvu na bakteria wanaoozesha majani na kuyarudisha kuwa chakula cha mmea. Udongo wa chini yake unaweza kuwa mzuri kwa kufyatulia tofali, lakini una chakula kidogo na hewa kidogo. Vibarua wakija na sululu, hukata msingi moja kwa moja, mweusi na mwekundu vinatupwa pamoja ukingoni, kisha vinarudishwa ndani ya msingi kama ujazo. Udongo bora kuliko wote kiwanjani unaishia chini ya sakafu ya sebule. Ule wa chini kabisa, uliotoka kwenye shimo la choo, ndio unaosambazwa juu ya uwanja. Tumegeuza ardhi kichwa chini miguu juu, halafu tunashangaa nyasi hazioti.

Tupige hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, nyumba inakalia mita za mraba 120. Ukikwangua sentimita 15 za juu pale tu nyumba itakapokaa, unapata mita za ujazo 18. Sehemu itakayobaki kwa ajili ya nyasi, ukitoa njia ya gari, mahali pa kuanikia nguo, mboga za jikoni na shimo la maji taka, mara nyingi haizidi mita za mraba 180. Zile mita za ujazo 18 zinatosha kuitandika sehemu yote hiyo kwa unene wa sentimita 10. Udongo huo ni wako, umeshaulipia uliponunua kiwanja, na uko hapo hapo.

Nimeuona utaratibu huu ukifanywa na fundi mmoja mzee huko Usa River, mtu wa maneno machache. Kabla ya kupiga kamba za msingi aliwaambia vibarua wakwangue eneo la nyumba kwa jembe, wakaulundika udongo nyuma ya kiwanja, lundo refu jembamba lisilozidi kimo cha kiuno. Ukilundika juu sana, udongo wa ndani hukosa hewa na wadudu wake hufa. Akakataza mtu kulikanyaga. Mwenye nyumba alipanda kunde juu yake, na ujenzi ulipokuwa ukisimama na kuendelea, kama ujenzi wa wengi wetu unavyokwenda kwa mshahara, familia ilichuma mboga pale na mizizi ya kunde ikaurutubisha udongo kwa naitrojeni. Nyumba ilipoisha, lundo likasambazwa kwa toroli. Niliporudi baadaye kupanda mbegu, beleshi lilizama kwa uzito wa mguu tu.

Wengine husema hakuna haja ya yote hayo, lori la udongo mweusi lipo, unapiga simu linakuja. Nina maneno mawili juu ya lori hilo. Kwanza, udongo huo umetoka mahali. Umekwanguliwa kwenye shamba la mtu, au kingo za mto, au bonde ambalo mwakani litakuwa korongo. Sentimita chache za udongo wa juu huchukua mamia ya miaka kutengenezeka, na sisi tunazihamisha kwa asubuhi moja ili tufunike kifusi chetu. Pili, udongo wa lori huja na ndago.

Ndago zinastahili kusimuliwa vizuri kwa sababu ndizo zinazowaliza watu. Wengi huziona kama nyasi tu, lakini ukishika shina lake kati ya vidole utahisi pembe tatu, na ukichimba taratibu utakuta vifundo vyeusi vidogo kama karanga, vimeungana kwa nyuzi ngumu, kimoja chini ya kingine. Ukiling'oa jani, uzi unakatika na kifundo kinabaki. Kilichokuwa kimelala kwa sababu cha juu yake kilikuwa hai, sasa kinaamka. Ukipitisha trekta au jembe kavu kavu ukawa umekata minyororo hiyo vipande vipande, umeipandikiza uwanja mzima. Nimeona uwanja ulioletewa malori ya udongo mweusi mzuri wa kutamanisha, na wiki ya tatu ukawa kijani kila mahali, mwenye nyumba akafurahi akidhani ni ukoka wake.

Kwa hiyo kwa wale ambao nyumba zimeshasimama na mafundi wameshaondoka, ninawaomba msinunue mbegu bado. Tumieni Septemba na Oktoba kuandaa ardhi. Mbegu inaweza kusubiri dukani.

Anza na msumari mrefu au kipande cha nondo ya milimita 10. Mwagilia uwanja jioni, kesho yake asubuhi chomeka nondo kwa mikono kila baada ya hatua kadhaa. Panapozama mpaka urefu wa kiganja na nusu, pana uhai. Panapogoma, weka kijiti. Ukimaliza utaona vijiti vimejikusanya mahali fulani: pale mchanga ulipokuwa ukimwagwa, pale zege ilipochanganyiwa, pale malori yalipogeuzia. Hapo ndipo pa kuchimba kwanza.

Toa kifusi chote. Si kukifukia, ni kukitoa. Vipande vya plasta, mabonge ya zege, vigae, mifuko ya saruji, misumari, waya wa kufungia nondo. Vipande vya mbao na mirunda vikifukiwa huita mchwa, na mchwa wakimaliza mbao hawaondoki, watageukia nyasi kavu na baadaye milango yako. Mifuko ya saruji ikifukiwa huzuia maji yasishuke. Tumia ule ule wavu ambao mafundi walichekechea mchanga, simamisha kwa mti, rushia udongo wa mabaka mabaya, mawe yabaki upande mmoja. Ni kazi ya jasho na ndiyo inayostahili kulipiwa kibarua kuliko kazi ya kumwaga mbegu.

Kisha tifua. Jembe uma ni bora kuliko jembe la kawaida kwa sababu halikati ndago sana na halipaki udongo mahali linapopita. Fika sentimita 15 hadi 20. Udongo uwe na unyevu kiasi: ukiushika mkononi na kuufinya ushikamane, ukiugusa kwa kidole uvunjike. Ukitifua ukiwa tope, hasa udongo wa mbuga, unatengeneza mabonge yatakayokauka na kuwa magumu msimu mzima. Hapa naomba nipinge ushauri mmoja unaosambaa sana: kumwaga mchanga kwenye udongo wa mfinyanzi ili kuulainisha. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi haulainishi kitu, unajaza nafasi zilizokuwa za hewa na kuufanya mchanganyiko ukauke mgumu zaidi. Kinachoulainisha mfinyanzi ni mboji. Kinachoufanya udongo wa kichanga ushike maji ni mboji hiyo hiyo.

Kiasi cha mboji kinawashangaza watu. Tabaka la sentimita 3 kwenye uwanja wa mita za mraba 100 ni mita za ujazo 3, yaani toroli 50 ikiwa toroli lako linabeba lita 60. Mifuko miwili ya samadi haifiki popote. Anza kukusanya mapema, na iwe imeoza kweli: nyeusi, inanuka udongo wa msituni, haina joto ukiingiza mkono ndani ya lundo. Samadi mbichi ya ng'ombe ina mbegu za kila jani alilokula ng'ombe huyo, na mbolea mbichi ya kuku inaunguza miche. Lundo lililopikwa vizuri hufika nyuzijoto 55 na zaidi katikati, na likigeuzwa mara kadhaa joto hilo huua mbegu nyingi za magugu. Changanya mboji na udongo wote uliotifua, usiitandaze juu tu.

Kuhusu pH, msibahatishe. Chukua udongo kidogo kutoka sehemu kama kumi za uwanja, kina cha kiganja, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, peleka kupimwa. Kuna maabara za udongo Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro na kituo cha utafiti cha Mlingano kule Tanga, na afisa ugani wa kata yako anaweza kukuelekeza palipo karibu. Nasisitiza hili kwa sababu watu husoma mahali kwamba bustani huwekewa chokaa, wakaweka. Chokaa ni ya udongo wenye tindikali. Uwanja uliojaa masalia ya saruji tayari una chokaa kupita kiasi. Vilevile mbolea ya mawe ya fosfeti ya Minjingu, inayotoka jirani zetu Manyara, ni nzuri sana kwa mizizi michanga, lakini fosfeti ya mawe huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Kwenye uwanja wenye pH ya juu itakaa tu kama jiwe, hapo afadhali DAP kidogo, mbolea ya kiwandani yenye fosfeti inayoyeyuka haraka. Bila kipimo utajuaje?

Mteremko nao usisahaulike, kwani maji yanayosimama ukutani yatakula plasta kabla hayajaua nyasi. Piga mambo, funga uzi, tumia pima maji au ule mpira wa maji wa mafundi. Kila mita moja kutoka ukutani uzi ushuke sentimita 1 hadi 2, kwa hiyo ukifika mita 5 tofauti iwe kama sentimita 5 hadi 10. Vishimo vijazwe sasa. Ukoka ukishashika, kila shimo litakuwa dimbwi na kila kichuguu kitanyolewa upara.

Sasa lile ambalo watu hawalipendi, kusubiri. Uwanja ukiwa umesawazishwa na kupigwa reki, usimwage mbegu. Umwagilie kana kwamba umepanda. Katika wiki mbili au tatu magugu yote yaliyokuwa karibu na uso wa udongo yataota. Yakate kwa jembe bapa, juu juu, kina cha kucha, bila kupindua udongo, kwa sababu ukipindua unaleta juu mbegu nyingine zilizolala. Rudia. Ndago zichimbwe moja moja kwa jembe uma, kifundo kitoke, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa, visitupwe kwenye lundo la mboji. Wapo wanaotumia dawa ya kuua magugu aina ya glaifoseti. Hiyo hufanya kazi kwenye jani la kijani linalokua, kwa hiyo kuinyunyiza kwenye ardhi tupu au kwenye magugu yaliyokauka kwa jua ni kutupa fedha, na kwa ndago hata hivyo itabidi urudie. Kwenye uwanja wa nyumba wanapochezea watoto na kuku wanapodonoa, mimi nachagua mikono.

Mbegu yenyewe naipitia haraka kwa sababu ukishafika hapa kazi ngumu imekwisha. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye jina la aina, tarehe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, usikubali kupimiwa kwenye kikombe. Uliza wazi kama ni ya bustani au ya malisho. Wapo watu wameuziwa mbegu za Rhodes, nyasi nzuri mno kwa ng'ombe, wakazimwaga mbele ya nyumba zikawafika kifuani. Kwa uwanja wenye jua la kutosha, saa sita na zaidi kwa siku, Bermuda, yaani ukoka, inafaa. Chini ya mijakaranda na mikaratusi usihangaike na mbegu yake, itafute miche ya nyasi za Pemba uipandikize, zinavumilia kivuli. Kwa sehemu za baridi zaidi, Ngaramtoni kupanda juu, Kikuyu inastawi sana, ila iwekee mpaka wa matofali kwa sababu inatambaa hadi kwenye mboga.

Watu huuliza kwa nini mbegu ya Kikuyu ni ghali wakati nyasi zenyewe ni za kwetu, zimezaliwa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki. Sababu iko kwenye maua yake. Kikuyu haipandishi suke juu ya majani kama nyasi nyingine. Ua na mbegu vinakaa chini, ndani ya ala la jani, karibu na ardhi. Ukipunguza nyasi chini sana, asubuhi chache baadaye utaona uwanja umefunikwa na nyuzi nyeupe nyembamba, kama nywele za mzee. Ndizo sehemu za kiume za ua zilizochomoza kutafuta upepo. Mbegu iliyojificha hivyo kuivuna ni kazi. Ndiyo maana inaniuma kuiona inamwagwa juu ya zege.

Gramu 5 hadi 10 zinatosha mita moja ya mraba, yaani kilo moja kwa uwanja wa mita za mraba 100 ni nyingi ya kutosha. Gawa sehemu mbili, changanya kila moja na mchanga mkavu ili uone ulipopita, moja imwage ukitembea mashariki kwenda magharibi, nyingine kusini kwenda kaskazini. Reki ipite kidogo, mbegu isizame zaidi ya nusu sentimita. Kabla ya hapo udongo uwe umeshindiliwa kiasi kwamba ukikanyaga kwa kisigino alama isiingie zaidi ya sentimita moja. Pipa lenye maji nusu likiviringishwa linatosha. Tandaza nyasi kavu nyepesi au pumba za mpunga, udongo bado uonekane, zitazuia jua, matone makubwa na njiwa. Maji yawe kidogo kidogo, kwa keni yenye matundu madogo, mara mbili tatu kwa siku mpaka ziote, kati ya wiki moja na tatu. Sisimizi wakianza kubeba mbegu, fuata msafara wao mpaka kwenye shimo ushughulike nao siku hiyo hiyo.

Wakati wa kumwaga mbegu ni Novemba, nami nautaja mwezi huo kwa makusudi. Masika ya Machi hadi Mei hunyesha kwa nguvu na kuzoa mbegu mpaka mtaroni, na ikiisha tu inaingia baridi ya Juni na Julai, wakati Bermuda inataka udongo wenye joto. Mvua za vuli ni za kiasi na ardhi imeshapata joto. Aliyemaliza kuandaa Oktoba atamwaga mbegu mvua za kwanza zikishatulia. Ambaye hajamaliza, asilazimishe. Aandae taratibu, apande kunde au mchicha msimu huu, udongo utazidi kuwa mzuri.

Na mtu asione lazima afunike kiwanja kizima. Maji ya bomba huku kwetu yana zamu zake. Uwanja mdogo ulioandaliwa vizuri, mizizi imeshuka sentimita 20, unavumilia wiki ya bomba kukauka. Uwanja mkubwa wenye mizizi ya vidole viwili hauvumilii siku tatu.

Ombi langu kwa wanaojenga ni hili, Ndugu Mhariri, na ningefurahi likachapishwa lote. Mnapoandikiana na fundi, hata kama ni karatasi moja ya daftari mbele ya mjumbe, ongezeni maneno haya: "Kabla ya kuchimba msingi, fundi atakwangua udongo wa juu wa eneo la nyumba kwa kina cha sentimita 15 na kuulundika mahali palipokubaliwa. Udongo wa shimo la choo hautasambazwa kiwanjani. Saruji itachanganywa na vyombo vitaoshwa sehemu moja tu, itakayokuja kuwa njia ya gari. Malori yatapita hapo hapo. Mabaki yote yataondolewa, hayatafukiwa, kabla ya malipo ya mwisho." Halmashauri zetu, zinapotoa vibali vya ujenzi, zingeweza kuyaweka hayo kwenye masharti, lakini hatuhitaji kuzisubiri.

Kwa mafundi nasema hivi: kazi hiyo ni kazi, itajeni kwenye makadirio yenu na mlipwe. Kukwangua mita za mraba 120 kwa kina hicho ni mzigo wa vibarua wachache kabla hata kamba hazijapigwa. Kuchimbua plasta kwa sululu kwenye uwanja mzima, baada ya ukuta kupakwa rangi na vitofali kupangwa, ni mzigo ambao yule mama wa Moshono bado anaulipia kipande kwa kipande, kila mwezi mshahara unapotoka.

Wako,
Mwenye kitalu cha miche,
Tengeru, Arusha